Kuvuja kwa Pakacha: Kutafuta na Kuziba Mivujo ya Gesi katika Viyoyozi vya Magari

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Methali hii huzoeleka kufafanuliwa darasani kama funzo kuhusu hasara ya mtu mmoja inayogeuka faida ya mwingine. Nje ya darasa kuna mahali inapotimia karibu kila juma, napo ni katika gereji. Mwenye gari ambaye kiyoyozi chake hakitoi tena hewa baridi humwendea fundi, naye fundi humwambia, "Gesi imeisha." Gesi huongezwa, malipo hufanywa, na ubaridi hurejea. Baada ya majuma machache mwenye gari hurudi pale pale, akaambiwa yale yale, akalipa tena. Pakacha linavuja, na mchukuzi amepata nafuu yake.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi mivujo ya gesi katika kiyoyozi cha gari inavyotafutwa na kuzibwa, kwa kuzingatia mazingira ya Siongiroi na nyanda za Kericho na Bomet kwa jumla. Aidha, yanadai kwamba kosa la kwanza katika kazi hii si la spana bali ni la kitenzi. Anayesema gesi "imeisha" amekwisha kufunga mlango wa uchunguzi kabla ya kufungua boneti.

Kiyoyozi katika Nchi ya Baridi

Siongiroi ni kituo cha biashara katika eneo la Chepalungu, Kaunti ya Bomet, upande wa chini wa nchi ya majani chai inayoanzia Kericho. Huenda msomaji akauliza kiyoyozi kina kazi gani katika nchi ambayo watu wake huvaa sweta asubuhi. Jawabu ni kuwa kiyoyozi hupoza hewa na wakati huohuo huikausha. Mvua inaponyesha na madirisha yakafungwa, pumzi za abiria hutanda kama ukungu kwenye kioo cha mbele. Kiyoyozi kizima huuondoa ukungu huo kwa muda mfupi; kiyoyozi kisicho na gesi humwacha dereva akifuta kioo kwa kiganja huku gari likiteremka mlima. Kwa hiyo, katika nchi hii ya mvua na ukungu, kiyoyozi si anasa ya wenye nacho tu. Ni chombo cha kuonea njia.

Isitoshe, kanuni inayoendesha kiyoyozi cha gari ndiyo inayoendesha jokofu la dukani na tangi la kupozea maziwa. Siongiroi imejulikana kwa ufugaji wa ng'ombe wa maziwa na kwa mtambo wa wafugaji wa kupozea maziwa hayo. Gesi ikivuja katika gari, abiria hupata joto. Ikivuja katika mtambo wa maziwa, jasho la wafugaji wengi laweza kuharibika kwa usiku mmoja. Anayeuelewa mvujo mmoja amekwisha kujifunza njia ya kuuelewa mwingine.

Gesi Haiishi

Petroli huisha kwa sababu huungua ndani ya injini na moshi wake hutoka nje. Gesi ya kiyoyozi haiungui wala haitumiki. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ikibadilika kutoka mvuke kuwa kiowevu na kurudi kuwa mvuke, kama damu inavyozunguka mwilini bila kutumika. Ni kweli kwamba mipira ya mabomba hupenyeza kiasi kidogo mno kadiri miaka inavyopita, na ndiyo maana gari la miaka mingi linaweza kupungukiwa kidogo pasipo kasoro ya kuonekana. Lakini kiyoyozi kilichojazwa mwezi uliopita kikawa kitupu mwezi huu kina tundu. Hakuna maelezo mengine.

Mzunguko wenyewe una viungo vitano vikuu. Kompresa, inayoendeshwa na mkanda wa injini, hukandamiza mvuke hadi ukawa na shinikizo kubwa na joto kali. Mvuke huo huingia katika kondensa, iliyo mbele ya rejeta, ambapo hewa ya nje huupoza ukageuka kiowevu. Kiowevu hupita katika kikaushi, kinachochuja uchafu na kunyonya unyevu. Kisha hufika kwenye vali ya kutanulia, tundu jembamba linaloshusha shinikizo ghafla. Hatimaye huingia katika evaporeta, yaani koili ya kupozea iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ambapo huchemka na kunyonya joto la hewa inayopulizwa ndani ya gari. Mvuke hurudi kwa kompresa na safari huanza upya. Pamoja na gesi husafiri oili maalumu ya kulainisha kompresa. Oili hii, kama itakavyobainika, ndiyo shahidi mkuu wa mvujo.

Kuna hadaa moja ya geji inayostahili kutajwa mapema. Fundi akipima shinikizo injini ikiwa imezimwa, namba anayoiona haimwambii kiasi cha gesi kilichomo. Maadamu kuna kiowevu kidogo ndani, shinikizo hufuata halijoto tu. Gesi aina ya R-134a katika nyuzi 20 za Selsiasi huonyesha takriban paundi 70 kwa inchi mraba, mfumo uwe umejaa au uwe nusu. Ndivyo ulivyo pia mtungi wa gesi ya kupikia: mwali ni uleule hadi siku unapokaribia kuwa mtupu, na anayetaka kujua kilichobaki huuinua au huupima kwa mizani. Kwa sababu hiyo, geji pekee haitoshi kuthibitisha kwamba gesi ni kamili au kwamba hakuna mvujo.

Mahali Mvujo Unapojificha

Mvujo una makazi yake ya kawaida, na fundi mzoefu huanzia huko. La kwanza ni maungio ya mabomba, ambapo kuna pete ndogo za mpira ziitwazo oringi. Magari mengi yanayoingia Kenya ni yaliyokwisha kutumika Japani, na sheria huruhusu gari kuingia likiwa na umri wa hadi miaka minane. Pete hizo basi hufika zikiwa zimekaa miaka mingi katika joto la injini, zimekauka na kupoteza unyumbufu.

La pili ni shingo ya kompresa, pale mhimili unapotokeza ili ufungwe klachi. Muhuri wa shingo hiyo hulainishwa na oili wakati kompresa inapozunguka. Katika nchi ya baridi madereva wengi hawawashi kiyoyozi kwa miezi, na muhuri usiolainishwa hukauka ukaachia gesi polepole. Hapa ndipo penye kinaya cha nyanda za juu: kiyoyozi hufa kwa kutotumika. Dawa yake haigharimu chochote. Kiwashwe kwa dakika kumi hivi kila baada ya juma moja au mawili, hata kama kuna baridi.

La tatu ni kondensa. Kwa kuwa ipo mbele kabisa ya gari, hupokea kila kijiwe kinachorushwa na gari lililotangulia. Katika barabara za murami ambazo matope ya masika na vumbi la kiangazi hupokezana zamu, kondensa hutobolewa na mawe na huliwa na kutu ya alumini. La nne ni vali ndogo za kujazia gesi, zenye moyo unaofanana na ule wa vali ya gurudumu. Vifuniko vyake vya plastiki hupotea na hakuna anayevitafuta, ilhali kifuniko ndicho kinga ya pili dhidi ya mvujo na ndicho kizuizi cha vumbi. La tano, na ndilo gumu kuliko yote, ni evaporeta. Majani na vumbi lenye unyevu hukaa juu yake na kuila, nayo haionekani bila kuvunja dashibodi.

Wengi huliona tone la maji chini ya gari siku ya joto wakadhani mfumo unavuja. Sivyo. Hayo ni maji ya unyevu wa hewa yaliyogandamana juu ya evaporeta na kutolewa kwa bomba lake. Ni dalili ya afya. Gesi inayovuja haina rangi, na haiachi dimbwi.

Njia za Kutafuta Mvujo

Njia ya kwanza haidai chombo: ni macho na vidole. Gesi inapotoka hubeba oili, na vumbi hunata penye oili. Ungio lenye duara jeusi la unyevunyevu, au kondensa yenye baka la mafuta mahali pamoja, limekwisha kutoa ushahidi. Fundi hupitisha kidole chini ya kila ungio, maana oili huteremka na kukusanyika upande usioonekana.

Njia ya pili ni maji ya sabuni. Povu zito hupakwa kwenye ungio linaloshukiwa wakati mfumo una shinikizo, na viputo vikitokea, mvujo umejifichua. Njia hii ni rahisi na imeenea, ila ina mipaka. Mvujo mdogo mno hutoa kiputo kimoja baada ya dakika kadhaa, na fundi mwenye haraka huondoka kabla ya kukiona. Tena sabuni haifiki evaporeta.

Njia ya tatu ni rangi. Rangi maalumu huchanganywa na oili, gari huendeshwa kwa siku kadhaa, kisha fundi humulika kwa taa ya urujuanimno akiwa amevaa miwani ya manjano. Penye mvujo hung'aa kijani kibichi au manjano. Faida ya njia hii ni subira yake: mvujo mdogo hupata muda wa kujiandika.

Njia ya nne ni kinusio cha elektroni, kifaa chenye ncha inayolia kinapokutana na gesi. R-134a ni nzito kuliko hewa zaidi ya mara tatu, kwa hiyo ncha hupitishwa chini ya mabomba, sio juu, kwa mwendo wa sentimita mbili au tatu kwa sekunde, injini ikiwa imezimwa na upepo umezuiwa. Kinusio pia ndicho kinachoweza kuisikia evaporeta bila kuvunja dashibodi: huwekwa penye tundu la hewa au karibu na mdomo wa bomba la maji, baada ya maji kukauka.

Njia ya tano hutumika mfumo unapokuwa mtupu kabisa. Naitrojeni kavu huingizwa kupitia kidhibiti cha shinikizo, bila kupita kiwango alichoruhusu mtengenezaji, mfumo hufungwa, na geji hutazamwa baada ya saa moja au zaidi. Namba ikishuka ilhali halijoto ni ileile, tundu lipo, na sabuni hulionyesha. Oksijeni isitumike kamwe kwa kazi hii, kwa sababu ikikutana na oili chini ya shinikizo yaweza kulipuka. Hewa ya pampu ya magurudumu nayo haifai, maana huingiza unyevu ambao huharibu mfumo kwa ndani.

Ombwe na Mwinuko wa Nchi

Njia ya sita hudhaniwa na wengi kuwa hukumu ya mwisho, nayo ni pampu ya ombwe. Pampu hufyonza hewa yote, vali hufungwa, na geji hutazamwa kama mshale utarudi. Mshale ukirudi, pana mvujo au pana unyevu unaochemka ndani. Usiporudi, jambo halijathibitika bado. Ombwe huvuta pete kwa ndani, ilhali kazi halisi ya mfumo huzisukuma kwa nje, na kwa nguvu kubwa zaidi. Pete inayostahimili mvuto yaweza kushindwa na msukumo.

Kwa fundi wa nyanda za juu kuna tahadhari ya ziada. Geji ya ombwe hupima tofauti kati ya shinikizo la ndani na la hewa ya nje. Mombasa, karibu na usawa wa bahari, pampu nzuri hufikisha mshale karibu na inchi 30 za zebaki. Lakini hewa hupungua uzito kadiri mtu anavyopanda, kwa takriban inchi moja kila mita 300. Kwenye mwinuko wa mita 1,900 hivi, pampu hiyohiyo haiwezi kupita inchi 24, hata ikifanya kazi kikamilifu. Fundi asiyelijua hili huweza kuilaumu pampu isiyo na kosa, au kufungua maungio mazima akitafuta tundu lisilokuwapo. Sababu yake ndiyo ileile inayofanya maharagwe yachelewe kuiva katika nyanda hizi: hewa nyepesi huyafanya maji yachemke kabla ya kufika nyuzi 100.

Kuziba

Mvujo ukishapatikana, sharti gesi iliyobaki itolewe kwa mashine ya kuikusanya. Kuifungulia hewani ni hatari kwa mikono na macho, kwa kuwa R-134a huchemka katika nyuzi 26 chini ya sifuri na huigandisha ngozi. Ni hatari pia kwa mazingira, kama itakavyoelezwa.

Oringi iliyochoka haikazwi bali hubadilishwa. Pete mpya iwe ya aina inayofaa gesi husika, ipakwe oili ya kiyoyozi, na ungio likazwe kwa kiasi, kwa sababu alumini hupasuka kwa nguvu za fundi mwenye hasira. Mpira uliopasuka hubadilishwa au hufungwa upya kwa mashine ya kubana. Waya na utepe havifai. Kondensa iliyotobolewa ni heri ibadilishwe, ingawa mchomeleaji hodari wa alumini anaweza kuokoa bomba lake. Ikiwa mfumo ulikaa wazi kwa siku, kikaushi kibadilishwe, maana kimekwisha kunywa unyevu wa hewa. Dawa za kuziba zinazomiminwa ndani ziepukwe. Huweza kuganda zikaziba vali ya kutanulia na kuharibu mashine za mafundi watakaofuata.

Baada ya kuziba, mfumo hufyonzwa kwa nusu saa au zaidi ili unyevu uchemke na kutoka. Oili iliyopotea hurudishwa. Gesi huingizwa kwa kupimwa kwa mizani, kulingana na kibandiko kilicho chini ya boneti. Magari mengi madogo hudai takriban nusu kilo. Kujaza kwa kukisia, mpaka bomba liwe baridi mkononi, ni kosa, kwa sababu gesi ikizidi huongeza shinikizo na kuichosha kompresa. Kisha maungio yote hupimwa tena. Fundi asiyerudia kipimo baada ya kuziba ameamini badala ya kujua.

Lipo pia onyo la mwisho. Gesi ya kupikia hupoza ikiwekwa katika kiyoyozi, na bei yake humvutia anayetafuta njia ya mkato. Ila huwaka. Ikivujia ndani ya gari lililofungwa madirisha, cheche moja yatosha.

Kinachovuja Huenda Wapi?

Magari ya zamani yalitumia R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda angani na kuharibu tabaka la ozoni. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ukaweka utaratibu wa kuziondoa, na sekretarieti yake ipo Nairobi, katika makao ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. R-134a iliyoshika nafasi katika miaka ya 1990 haidhuru ozoni, bali kila kilo yake hupasha dunia joto kama kilo 1,300 hivi za kaboni dioksidi katika kipindi cha miaka 100. Nusu kilo inayovuja gari likiwa Siongiroi ni sawa na kilo 650. Kwa ajili hiyo mataifa yalikutana Kigali mwezi Oktoba 2016 na kukubaliana kupunguza gesi za aina hiyo. Magari mapya zaidi hutumia R-1234yf, ambayo hupasha joto kwa kiasi kidogo sana lakini huweza kuwaka, na haipaswi kuchanganywa na nyingine.

Kitenzi Kinachodai Mahali

Mwanafunzi wa Kiswahili ana nafasi yake katika suala hili. Kitenzi "kuisha" hakidai mahali. Kitu huisha tu, na hakuna wa kuulizwa. Kitenzi "kuvuja" ni tofauti: kikitiwa kiambishi cha kutendea huwa "kuvujia", na papo hapo huzaa swali la "wapi?" Sarufi yenyewe humlazimisha msemaji kutafuta tundu. Mteja anayesema, "Niongezee gesi," ameagiza gesi, na gesi atapewa. Mteja anayeuliza, "Gesi imevujia wapi?" ameagiza uchunguzi, na fundi mwaminifu atafurahi kuulizwa hivyo, kwa sababu swali hilo linautambua ujuzi wake.

Ni dhahiri, kwa hiyo, kwamba istilahi za ufundi hazipaswi kuachiwa kamusi peke yake. "Kiyoyozi" limo katika kamusi, ilhali gerejini husikika zaidi kifupi cha Kiingereza. Kinyume chake, "oringi", "kompresa" na "klachi" zinaishi midomoni mwa mafundi na zinastahili kukusanywa pale zinapotumika, pamoja na vitenzi vinavyoandamana nazo. Orodha ya nomino bila vitenzi vyake ni gari lisilo injini.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba gesi ya kiyoyozi haiishi bali huvuja. Kwamba mvujo una makazi yanayojulikana na njia za kuutafuta, kila moja ikiwa na mipaka yake. Na kwamba mwinuko wa nchi na baridi yake hubadili kazi ya fundi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, nao ukuta katika gereji ni kompresa iliyokwama kwa kukosa oili iliyovuja pamoja na gesi. Bei yake hupita kwa mbali ya pete ya mpira. Mchukuzi atapata nafuu yake maadamu mwenye pakacha haulizi limevujia wapi.